Redio Zilizosikika Mbali Usiku

Wenzangu wa mabweni ya zamani mtakumbuka: mchana redio ya betri ilikwaruza tu, lakini jua likishazama ilileta sauti za nchi za mbali. Wapo waliosema ni utulivu wa usiku. La hasha! Mwaka 1902 Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza walikisia, kila mmoja kivyake, kwamba angani kuna tabaka linalorudisha mawimbi ya redio chini. Appleton alilithibitisha mwaka 1924. Mchana jua huunda tabaka jingine, la chini zaidi, linalomeza mawimbi ya kati. Usiku hilo hutoweka, mawimbi yakapaa na kurudi ardhini mamia ya kilometa mbali.

Neema hiyo ina balaa lake. Stesheni mbili za masafa mamoja, ambazo mchana hazijuani, usiku hugombana katika redio moja. Ndiyo maana Novemba 1928 Tume ya Redio ya Marekani iliyapanga upya masafa 96, ikatenga 40 kwa stesheni zenye nguvu kubwa, ili usiku zisiingiliwe. Waliokusudiwa hasa ni watu wa mashamba wasio na stesheni karibu.

Kisa kikubwa ni cha WLW ya Cincinnati, mali ya tajiri Powel Crosley. Tarehe 2 Mei 1934 Rais Roosevelt alibonyeza kitufe akiwa Ikulu, ikaanza kurusha kwa kilowati 500, mara kumi ya wakubwa wenzake. Kumbe huko Toronto, Kanada, stesheni ya CFRB ya masafa jirani ilifunikwa! WLW ikalazimika kupunguza nguvu usiku mpaka ilipojenga milingoti ya kuyaepusha mawimbi na upande huo. Wenye stesheni ndogo nao walilalamika. Mwaka 1938 Seneti ilipinga nguvu inayozidi kilowati 50, na Machi 1939 WLW ikarudishwa hapo.

Nadhani wenye stesheni ndogo walikuwa na haki, ila mkulima aliyekuwa na sauti hiyo moja tu usiku hakuulizwa. Mwaka 1980 ulinzi ulipunguzwa tena hadi kilometa 1,200 hivi, stesheni mpya zikapata nafasi.

Kwetu Afrika masafa ya mawimbi ya kati yalipangwa Geneva mwaka 1975, yakipishana kwa kilohezi 9, na mpango ukaanza Novemba 1978.

Vijana mlioko shuleni, azimeni redio ya babu, zimeni chaja za simu maana zinakwaruza, mzungushe kitufe polepole baada ya saa mbili usiku.