Baraza la Dar es Salaam na Yale Liliyoyatanguliza

Mtu atokaye Kariakoo kwa miguu kuelekea bandarini, akiisha kuuvuka Mtaa wa Lumumba, huingia Mnazi Mmoja, uwanja wenye vivuli ambapo wachovu hupumzika na watoto hucheza mpira, na aghalabu hapiti akikumbuka kwamba ardhi anayoikanyaga iliachwa wazi kwa makusudi, iwe mpaka baina ya watu na watu.

Tangu sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891, na baadaye chini ya Waingereza, mji uligawanywa kanda tatu. Na ingawa maandishi ya serikali yalitaja aina ya nyumba wala hayakutaja rangi ya mwenye nyumba, kila mkaazi alifahamu kuwa ya kwanza ni Uzunguni, ya pili Uhindini, na ya tatu, yenye nyumba za udongo na makuti, ni ya Waafrika. Hoja iliyotolewa ilikuwa siha: maradhi yasivuke. Lakini siha iliyokusudiwa hasa ilikuwa ya upande mmoja, na maadamu hilo ndilo lililotangulizwa, fedha nazo zilifuata njia hiyohiyo, zikaanzia kwenye barabara, taa na mabomba ya Uzunguni, ilhali Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na palipopata jina lake kwao, pakingoja zamu yake miaka mingi.

Naona hapa ndipo ulipo msingi wa habari yote ya baraza hili: swali la nini kitangulie lilikuwa daima, chini yake, swali la nani aliyeketi kuamua. Mji ulipofanywa manispaa mwaka 1949 ulipata meya na madiwani, lakini wenyeji walio wengi hawakuwa na sauti iliyolingana na idadi yao. Na ndiyo maana mwaka 1960, alipokalia kiti cha umeya Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga na mwanachuoni, Mwafrika wa kwanza katika daraja hiyo, tukio lile lilikuwa zaidi ya heshima ya mtu mmoja. Tarehe 10 Desemba 1961, siku ya pili ya Uhuru, manispaa ikawa jiji.

Kisha likaja jambo ambalo hata leo nalihesabu kuwa kosa, japokuwa dhamira yake ilikuwa njema. Kwa siasa ya Madaraka Mikoani iliyoanza mwaka 1972, mabaraza ya wilaya na ya miji yalivunjwa, na kazi zake zikashikwa na watumishi wa serikali kuu, ambao hawakupigiwa kura na mkaazi yeyote aliyekuwa na jaa mlangoni pake. Huduma za miji zilidhoofika, kipindupindu kikaingia nchini, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji.

Mwaka 1992 jiji lilifanya jambo lisilo la kawaida: liliita mkutano mkubwa wa mashauriano, wakaketi pamoja viongozi, wataalamu, wafanyabiashara na wakaazi, wakayachambua masuala tisa ya mji, tangu makazi yasiyopimwa na msongamano wa magari hadi kilimo cha mjini na biashara ndogondogo, na lililowekwa mbele ya yote likawa taka. Wala si ajabu, kwani taka ndizo kila mtu alizokuwa akizinusa kila asubuhi. Hata hivyo mwaka 1996 baraza likavunjwa tena, Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikashika hatamu hadi mwaka 2000, zikafuata manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikaondolewa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Siku hizi, kwa mujibu wa utaratibu, vipaumbele huanzia kwenye mkutano wa mtaa, hupanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, ndipo hufika mbele ya madiwani pamoja na bajeti. Basi msomaji ukaaye mjini, mwenyekiti wa mtaa wako akiitisha mkutano, hudhuria, utaje mtaro ulioziba mbele ya nyumba yako, wala usiondoke mpaka uone umeandikwa katika muhtasari.