Njia ya Mbung'o: Kutoka Namirembe hadi Maabara za Makerere

Mwaka 1901 Hospitali ya Mengo, iliyo kwenye mteremko wa kilima cha Namirembe, ilianza kupokea wagonjwa wa aina mpya. Walikuja na homa isiyokatika na tezi zilizovimba shingoni. Baadhi yao walisinzia chakula kikiwa mkononi, wakazidi kudhoofu hadi wakafa. Waliowapokea walikuwa ndugu wawili, Albert na Jack Cook, madaktari wa misheni ya Kianglikana. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Kwa Kiswahili ni malale.

Nimeifuata njia ya ugonjwa huo kuanzia Namirembe kwa sababu moja. Kila mwaka vijana wa Kampala wanaosomea elimu ya vimelea huandika maombi ya ruzuku za utafiti, na mengi hupelekwa London, Geneva na Marekani. Nilitaka kujua mazoea hayo yalianzia wapi. Yalianza hapa, na malale.

Ugonjwa ulienea Busoga, pwani ya Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria kwa kasi ya kutisha. Winston Churchill, aliyepita Uganda mwaka 1907, aliandika kwamba kufikia mwisho wa 1905 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika maeneo ambayo wakazi wake hawakuzidi 300,000. Serikali ya Uingereza iliiomba Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ipeleke wataalamu. Mwaka 1902 wakafika Entebbe watatu: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Huo ndio ufadhili wa kwanza mkubwa wa utafiti wa vimelea kuingia Uganda.

Ufadhili huo ulikuja na swali lake tayari. Patrick Manson, bingwa wa magonjwa ya tropiki huko London, alishuku mnyoo mdogo wa damu, filaria, ambao akina Cook walikuwa wameuona kwa wagonjwa wa Mengo. Low alikuwa mwanafunzi wa Manson. Miezi ya kwanza ikaishia kwenye filaria, mpaka ilipobainika kwamba mnyoo huo uko hata mahali pasipo na malale, na pengine malale yapo bila mnyoo. Castellani kwa upande wake alikuwa akisaka bakteria. Novemba 1902 alichukua maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, akayazungusha kwa mashine ili vitu vizito vizame chini, akaweka tone la mashapo yake chini ya hadubini. Akaona kitu kinajipinda na kuogelea kama samaki mkunga: kimelea kiitwacho tripanosoma. Hakukitarajia, na kwa muda hakukipa uzito.

Machi 1903 akaja David Bruce, aliyekwisha kuthibitisha Zululand kwamba mbung'o hueneza tripanosoma za nagana, ugonjwa wa ng'ombe. Alipoambiwa na Castellani alichokiona, alielewa papo hapo. Wanaume hao walikuja kugombea sifa ya ugunduzi huo kwa miaka mingi, na vitabu vimejaa ugomvi wao. Mimi sioni kwamba ndilo jambo la maana zaidi lililotokea Entebbe mwaka ule.

La maana zaidi ni ramani. Bruce alitaka kujua mbung'o wako wapi na malale yako wapi, aone kama maeneo hayo yanalingana. Yeye na wenzake, David Nabarro miongoni mwao, wasingeweza kuizunguka Uganda nzima kwa miguu. Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, akasaidia kuipeleka kazi hiyo kwa machifu, na wamisionari na maofisa nao wakaombwa vilevile. Vifurushi vya nzi vikaanza kumiminika Entebbe kwa mamia, kila kimoja na jina la mahali kilikotoka. Nzi wakatambuliwa, alama zikapigwa, na ramani mbili zikalingana: pasipo na mbung'o hapakuwa na malale, na mbung'o walishikilia kingo za ziwa na mito yenye kivuli. Tumbili waliong'atwa na nzi waliotoka kumnyonya mgonjwa wakapata vimelea, na hoja ikatimia.

Fikiria basi ni nani aliyeingia kichakani. Ni mvuvi, ni kijana wa chifu, ni mtu aliyemnasa mbung'o kwa mkono wake katika msimu wa vifo, akajua ni ufuko gani na ni saa ngapi za mchana nzi huyo huwa mkali. Kwa kipimo chochote, hiyo ni kazi ya utafiti. Majina ya watu hao hayamo katika ripoti. Sina habari ya yeyote kati yao aliyefundishwa kutumia hadubini, wala aliyepewa senti ya kuendelea kuuliza. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari: Luteni Forbes Tulloch aliambukizwa akiwa maabara Entebbe, akafa mwaka 1906, na jina lake linakumbukwa. Waliowakamata nzi hawana hata orodha.

Amri zilizofuata ziliwaangukia watu hao hao. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha wakazi wa ukingo wa ziwa, na mwaka 1909 visiwa vya Ssese vikaachwa vitupu. Kabla ya hapo Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel, alikuwa amepiga kambi kisiwa cha Bugala akiwatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Bruce alirudi mwaka 1908 na kuweka maabara Mpumu, upande wa Kyaggwe, ambao leo ni wilaya ya Mukono. Alipomaliza muhula wake aliondoka, na maarifa mengi yakaondoka pamoja naye kwenda kuchapishwa London.

Kutoka Mengo hadi Mulago si mbali. Boda boda hukufikisha kabla jua halijapanda. Mafunzo ya udaktari yalianza Mulago mwaka 1924, miaka miwili baada ya Makerere kufunguliwa. Hapo ndipo kilipoanza kupatikana kile ambacho ramani ya 1903 haikukiacha, yaani mtu wa hapa mwenye elimu ya kushika swali lake mwenyewe. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Makerere kabla ya kwenda Cambridge, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE mjini Nairobi mwaka 1970, na mbung'o akawa mmoja wa wadudu waliochunguzwa huko. Tororo nako kulikuwa na shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki nzima.

Kisha fedha zikakauka. Utawala wa Idi Amin uliwatawanya wataalamu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na huduma za mifugo zikazorota. Mashamba ya kahawa na pamba ya Busoga yaliyotelekezwa yakavamiwa na vichaka vya lantana, na mbung'o wakapata kivuli hadi milangoni mwa watu. Kuanzia mwaka 1976 malale yakarudi Busoga, yakashika maelfu ya watu. Anayeona ruzuku ya utafiti kuwa anasa na asome miaka hiyo.

Mulago kuna kitu kingine kilichonigusa zaidi ya yote niliyokutana nayo katika njia hii. Maktaba ya Albert Cook imehifadhi majalada ya wagonjwa wa Mengo, yameandikwa kwa mkono tangu hospitali ilipofunguliwa mwaka 1897. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchambuzi uliotumia kumbukumbu hizo. Waliangalia ugonjwa ulivyomwendea mgonjwa haraka kiasi gani, wakahoji jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelikariri kwa karne moja. Tumefundishwa kwamba janga la 1900 lilikuwa la aina ya gambiense, inayoua polepole. Majalada yanaashiria kwamba aina ya rhodesiense, inayoua kwa miezi na kujificha ndani ya ng'ombe, huenda ilikuwemo tangu mwanzo. Swali kubwa kiasi hicho lilikuwa limelala rafuni Kampala, karibu na mabweni ya wanafunzi. Lilihitaji mtu mwenye muda na nauli.

Uganda ndiyo nchi pekee duniani yenye aina zote mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba gambiense si tena tatizo la afya ya umma nchini, yaani wagonjwa wako chini ya 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka katika kila wilaya ilimokuwa. Rhodesiense ni hadithi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifika Soroti pamoja na ng'ombe waliouzwa katika mnada wa Brookes Corner, ikapanda kaskazini. Mwaka 2006 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo wa Makerere walikwenda vijijini kuwatibu ng'ombe katika kampeni ya kuizuia. Na katika hospitali ya Lwala, eneo la Kaberamaido, wagonjwa walishiriki majaribio ya fexinidazole, vidonge vinavyochukua nafasi ya melarsoprol, sindano ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20.

Kwa hiyo kazi ipo, na vijana wapo. Utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mbung'o unahitaji vitambaa vya buluu na vyeusi vya kushonea mitego, mafuta ya pikipiki, vioo vya hadubini na rangi ya Giemsa, kemikali za kutambua jeni la SRA linaloitofautisha rhodesiense na ndugu zake, boksi la barafu la kutoka Kaberamaido hadi Kampala, na ada za vibali vya maadili. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji tajiri wa dunia. Lakini kikikosekana kimoja, tasnifu husimama, na mara nyingi mwanafunzi hubadili mada na kuchukua iliyo na mfadhili.

Siwabezi wafadhili wa nje. Fedha za Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, zimewasomesha watafiti wengi kupitia mpango wa Makerere na taasisi ya virusi ya Entebbe ulioanza mwaka 2008, na kupitia mtandao wa THRiVE ulioongozwa na Makerere. Kikundi cha Enock Matovu hapo Makerere kimeongoza TrypanoGEN, mradi wa nchi kadhaa za Afrika uliochunguza kwa nini malale huwaua wengine haraka na wengine huwaacha. Hilo ni swali lililoulizwa Kampala, na linaonyesha tofauti na siku za filaria ya Manson. Serikali nayo ilianza mwaka wa fedha 2019/2020 kuipa Makerere fedha za utafiti, mwaka huo shilingi bilioni 30. Ni hatua ambayo ingepaswa kuchukuliwa nusu karne kabla.

Ombi langu kwa Bunge la Uganda, na kwa mabunge ya Kenya na Tanzania ambako mbung'o hana habari na mpaka, ni dogo. Tengeni ndani ya fedha za utafiti fungu la wanafunzi peke yao, dogo kwa kila mmoja lakini la uhakika kila mwaka, na masharti yake yawe mepesi kiasi cha kumfaa binti wa Namutumba, huko Busoga, anayetaka kujua kwa nini ng'ombe wa baba yake wanakufa. Nawe mwanafunzi usomaye haya, kabla ya kutafuta mada iliyoandikwa kwenye tangazo la mfadhili, panda Mulago uyafungue majalada ya Mengo. Bado hayajasomwa yote.