Picha Haina Lugha

Mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu kuhusu michoro ya ukutani kutoka Tanganyika. Mwandishi wake, Hans Cory, alikuwa mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mila za wenyeji. Wachoraji wenyewe walikuwa Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Ndani ya nyumba za chama walichora nyoka, wanyama na watu. Michoro hiyo haikuwa pambo tu. Aliyejiunga na chama alifundishwa kwa kuitazama.

Naanza na kuta hizo kwa sababu leo ukisema unataka kufundisha Kihispania kwa picha, msikilizaji anawaza projekta, tamthilia za Mexico na intaneti. Tunadhani ni jambo geni lililokuja na umeme. Usukuma ulikuwa na picha zinazofundisha kabla ya hapo, na uzoefu wake una la kumwambia mwalimu wa lugha yoyote.

Kihispania chenyewe kina kisa chake. Mwaka 1961 Cuba ilifunga shule ikawatuma vijana zaidi ya 100,000 vijijini kufundisha kusoma. Walibeba kitabu kilichoitwa Venceremos, yaani "Tutashinda", chenye masomo 15. Somo lilianza na picha ya kamera: wavuvi, ardhi, ushirika. Kabla ya kugusa herufi, mwalimu aliuliza, mnaona nini hapa? Watu wakazungumza, na kutokana na mazungumzo yao likaja neno la kusoma. Kufikia Desemba, watu wapatao 707,000 walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika. Kampeni ilikuwa na siasa zake, na picha zilichaguliwa na serikali, lakini mkulima alianza kusema kabla ya kitabu kusema.

Mwaka 1968 ikafika zamu yetu. Tanzania na UNESCO zilianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuwapo hadi 2012. Bariadi ilikuwa upande wa Shinyanga. Vitabu vilifuata kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Mkulima wa pamba alijifunza herufi huku akijifunza kupanda kwa nafasi na kupalilia mapema. Nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Ni kazi kubwa ambayo haistahili kubezwa.

Lakini kuna tofauti moja na Cuba. Mkulima wa Cuba alisomeshwa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mama wa Bariadi alionyeshwa pamba, akilini mwake likaja neno buluba, na kitabu kikamwambia: pamba. Alikuwa anavuka mito miwili kwa wakati mmoja, wa herufi na wa lugha. Picha haina lugha. Ilimruhusu aanze na neno lake, ukurasa ukaendelea bila neno hilo. Tulipata Kiswahili kinachotuunganisha, nami naandika kwa lugha hiyo. Hata hivyo, Kisukuma kilibaki nje ya kitabu, na watoto wengi wakakua wakiamini kwamba lugha ya nyumbani haina pa kukaa darasani.

Sasa tuseme darasa la Kihispania linafunguliwa Bariadi. Mwalimu abandike nini ukutani? Wengi wangeanza na mpira, au wacheza ngoma wa Sevilla. Mimi ningeanza na pamba. Aina inayolimwa Simiyu, ile ambayo watafiti wa Ukiriguru wamekuwa wakiiboresha kwa miongo mingi, asili yake ni Mexico. Wakulima wa huko waliilima maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia mguu. Jina la Kihispania, algodón, limetoka kwa Waarabu waliotawala sehemu za Hispania kwa karne nyingi. Katika mmea mmoja mwanafunzi anapata msamiati, kilimo cha Mexico na historia ya Hispania.

Kisha ningeweka picha ya kuta za Wizara ya Elimu ya Mexico, ambazo Diego Rivera alianza kuzichora mwaka 1923, akiwaonyesha wakulima, wafanyakazi na sherehe zao. Pembeni yake, michoro ya Bayeye. Mwanafunzi aulizwe, unaona nini? Aruhusiwe kujibu buluba, halafu pamba, halafu algodón, na yote matatu yaandikwe ubaoni. Mwaka 1968 neno la kwanza halikuandikwa. Safari hii chaki tunayo.