Asili ya Bunduki: Jina na Chapa

Msimulizi wa Kimbo, baina ya Ruiru na Thika, anenapo "bunduki ya Mwingereza" katika habari za Hali ya Hatari (1952–1960), humtaja aliyeimiliki, si lazima aliyeiunda. Lee-Enfield yenye jina Ishapore kwenye shingo ya kitako iliundwa Bara Hindi. Yenye chapa ya mali ya Marekani kwa kawaida ilitoka kiwanda cha Savage katika Vita Kuu ya Pili. Ubora ni suala jingine: huamuliwa kwa hali ya mifuo ndani ya mtutu, na kwa kulingana kwa nambari za komeo na za mwili. Asiyetenganisha jina na chapa ataandika historia ya biashara ya silaha isiyokuwapo.