Namna ya kutafuta kumbukumbu za uraia wa wazee wetu

ZIPO familia nyingi Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi zinazojua kwamba babu yao alitoka Hadramaut, Ngazija, Gujarat au Msumbiji, lakini hazijui ni lini wala kwa utaratibu gani alihesabiwa kuwa raia wa nchi aliyozikwa.

Swali hilo si la kujifurahisha tu. Jalada la uraia huweza kuwa na jina kamili la mzee, kijiji alichozaliwa, majina ya wazazi wake, tarehe aliyoingia nchini, kazi aliyofanya na majina ya watoto wake. Aidha, hati hiyo hiyo ndiyo inayoweza kumsaidia mjukuu anayetakiwa kuthibitisha uraia wake anapoomba pasi ya kusafiria au kitambulisho cha taifa.

Makala haya yanaeleza mahali pa kuanzia na kumbukumbu za kutafuta.

Sheria kwanza, jalada baadaye

Kosa linalowapotezea wengi muda ni kwenda kutafuta cheti cha uraia ambacho hakikupata kuandikwa. Kabla ya kuingia kwenye nyumba ya nyaraka, mtafutaji hana budi kujua mzee wake alikuwa chini ya sheria ipi.

Kuanzia Januari 1, 1949, Sheria ya Utaifa ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwagawa watu wa eneo hili katika mafungu. Aliyezaliwa Nairobi, ndani ya Koloni la Kenya, alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake. Aliyezaliwa kisiwani Mombasa, katika ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, alikuwa mtu aliye chini ya himaya ya Uingereza tu, wala si raia. Hali ilikuwa hiyo kwa wazaliwa wa Tanganyika, iliyokuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Zanzibar nayo ilikuwa na sheria yake ya utaifa ya mwaka 1952 iliyowahusu raia wa Sultani.

Uhuru ulibadili yote hayo. Tanganyika ilipojitawala Desemba 9, 1961, mtu aliyezaliwa nchini, ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini, akawa raia moja kwa moja bila kujaza fomu yoyote. Aliyezaliwa nchini kwa wazazi waliozaliwa ng'ambo alipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Kenya ilifuata njia inayofanana na hiyo ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, na mwisho wa muda huo ukawa Desemba 12, 1965.

Ndiyo maana katika nyumba moja kaka aliweza kuwa Mtanganyika na ndugu yake akabaki na pasi ya Uingereza. Mmoja alijaza fomu, mwingine alisubiri aone mambo yatakavyokwenda. Nchini Uganda tofauti hiyo ilionekana kwa uchungu mwaka 1972, wakati serikali ya Idi Amin ilipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Baadhi ya waliojihesabu kuwa Waganda walikataliwa kwa sababu hawakuukana uraia wa Uingereza katika muda uliowekwa.

Kwa hiyo, mzee aliyekuwa raia moja kwa moja hana jalada la maombi. Ushahidi wake ni cheti chake cha kuzaliwa na cha mzazi wake. Aliyeandikishwa ana cheti cha kuandikishwa, na aliyehamia kutoka nje na kupewa uraia wa tajnisi ana maombi, kiapo cha utii na cheti cha tajnisi.

Anza nyumbani

Sanduku la bibi lina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Tafuta pasi za zamani, vibali vya kuishi, stakabadhi za ada, vyeti vya ndoa na barua za serikali. Namba ya jalada iliyopigwa mhuri pembeni mwa barua huweza kuokoa wiki kadhaa za kutafuta.

Waulize wazee majina yote aliyotumia mhusika. Makarani waliandika jina kama walivyolisikia, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa "Seif", "Sefu" na "Saif" katika hati tatu. Wengine waliandikwa kwa jina la baba, wengine kwa jina la ukoo au mji wa asili.

Kuhusu wanawake, ikumbukwe kwamba kabla ya mwaka 1949 sheria ya Uingereza kwa kawaida ilimfanya mke afuate utaifa wa mumewe. Habari za bibi, kwa hiyo, mara nyingi zimo ndani ya jalada la babu, na vivyo hivyo watoto waliokuwa wadogo.

Magazeti ya zamani

Mtu aliyeomba tajnisi alitakiwa kutangaza nia yake gazetini, ili yeyote mwenye pingamizi apeleke maelezo kwa maandishi. Matangazo hayo mafupi, yenye jina na sanduku la posta la mwombaji, yamo katika kurasa za matangazo za magazeti kama East African Standard, lililoanzia Mombasa mwaka 1902, na Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930.

Gazeti la Serikali nalo lisiachwe. Nakala nyingi za Gazeti la Serikali la Kenya, tangu enzi za ukoloni, zinasomeka bila malipo kwenye intaneti na huweza kutafutwa kwa jina. Kwa Tanganyika, mahali pazuri pa kuanzia ni mkusanyiko wa vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nyumba za nyaraka

Tanzania Bara ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Zanzibar ina nyumba yake ya nyaraka Kilimani, na Kenya ina yake Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Benki ya India.

Majalada ya uraia ya baada ya uhuru yapo mikononi mwa mamlaka za uhamiaji. Huko mwombaji aende na uthibitisho wa undugu, aeleze jina, mwaka na mahali, na aombe kwa barua.

Kwa walioondoka na pasi ya Uingereza, Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, zina nakala za vyeti vya uraia katika fungu HO 334. Maombi ya kati ya mwaka 1934 na 1948 yamo HO 405. Barua za magavana zimo CO 533 kwa Kenya, CO 691 kwa Tanganyika na CO 618 kwa Zanzibar.

Waliopewa uraia kwa makundi

Si kila aliyepewa uraia aliomba peke yake. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania kwa pamoja, wapatao 162,000, na kuanza kukabidhiwa vyeti mwaka 2014. Nchini Kenya, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016 baada ya miongo mingi ya kuishi bila vitambulisho. Familia hizo zitunze vyeti vyao vyema, kwani kwa wajukuu ndivyo vitakavyokuwa mwanzo wa historia iliyoandikwa.

Tahadhari

Kinachopatikana kinaweza kugusa haki za walio hai. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ilhali Kenya imeruhusu tangu Katiba ya mwaka 2010. Anayegundua kwamba babu yake aliandikishwa kwingine amwone mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote.

Mwisho, kila hati inayopatikana itolewe nakala, iandikwe namba ya jalada na tarehe ilipoonwa, kisha nakala ziwekwe kwa ndugu zaidi ya mmoja. Karatasi iliyonusurika miaka 60 haistahili kupotea kwa kuvuja kwa bati.