Barua za Kasongo na tovuti ya maktaba maskini

Wengi hufikiri kwamba maandishi yalifika Maniema pamoja na wamisionari na Serkali ya Wabeleji. Sivyo. Kabla yao, Kasongo na Kabambare mlikuwa watu walioandika kiswahili kwa herufi za kiarabu. Tippu Tip, mkubwa wa Kasongo, aliporudi Unguja aliandika maisha yake kwa kiswahili. Mdachi Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia Kasongo. Mwaka 1894 Kabambare nayo ikatwaliwa. Barua nyingi za wakati ule zinakaa leo Ubeleji. Mwaka 2020 Profesa Xavier Luffin alitoa kitabu juu ya hati za kiarabu na kiswahili zinazotunzwa kule, za miaka 1880 mpaka 1899. Barua hizo si za watakatifu: kati ya wenye kuandika walikuwa waliouza watu. Lakini ni ushuhuda wa inchi yetu, na kijana wa Kabambare angepaswa kuvuka bahari ili kuziona.

Je, tovuti ya maktaba ndogo, isiyo na feza, inaweza kumsaidia? Historia inatujibu kwa mifano miwili. Kule Amsterdam, Johannes Fabian na Vincent de Rooij waliweka katika intaneti maandishi ya kiswahili cha Kongo, pamoja na historia ya Elisabethville iliyotolewa na André Yav mwaka 1965. Mapambo hayakuwa mengi: maneno yenyewe na tafsiri yake, basi. Tena, maktaba za Horowhenua, wilaya ndogo ya New Zealand, zilikosa programu iliyowafaa. Wakaitengenezesha yao, ikaanza kazi Januari 2000, wakaitoa bure kwa wote. Jina lake ni Koha, maana yake zawadi.

Kwa hiyo, tukipanga upya tovuti ya maktaba ya parokia ao ya seminari, tufuate njia hii. Kwanza, maandishi yatangulie picha, kwani msomaji ananunua mega kwa feza yake na picha nzito zinazimaliza. Pili, orodha ya vitabu iwe wazi, kwa mwandishi, kwa jina la kitabu na kwa jambo linaloelezwa, kwa kiswahili na kwa kifaransa. Tatu, feza kidogo iwekwe kila mwaka kwa kulipia jina la tovuti na mahali inapokaa. Tovuti nzuri isiyolipiwa hufungwa. Nne, nakala yote ikae nyumbani katika diski, pengine mbili.

Karatasi za Kasongo ziliondoka kwa nguvu za bunduki. Zetu za leo, rejista, barua na mahubiri ya wazee, zinaweza kupotea kwa uvivu tu. Ndugu wapadri na waseminari, tuanze na orodha. Daftari na kalamu zinatosha kwa kazi ya kwanza.