Mtetemo wa injini ya dizeli kwenye sailensi

Mtetemo wa sailensi ni mtikisiko unaojitokeza injini inapozunguka bila mzigo na bila kukanyagwa mafuta. Katika malori ya zamani yenye pampu ya kimakanika, kama Isuzu za injini ya 4BD1 (lita 3.9) au Mitsubishi Canter za 4D33 (lita 4.2), mtetemo kidogo ni wa kawaida. Silinda nne zilizopangwa mstari mmoja hazisawazishani kikamilifu kama sita. Fundi hutafuta mtetemo uliozidi au uliobadilika.

Uchunguzi huanza kwa sikio na kiganja. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo injini ya silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika huwaka mara 20 kila sekunde, na mkono huhisi mngurumo mmoja tu. Silinda moja ikilala, pengo lake hurudi mara 5 kwa sekunde na kabini huyumba kwa pigo zito la kukokota. Hapo injini inamisi. Flaiwili au klachi isiyo na ulinganifu hutikisa mara 10 kwa sekunde, na haitulii injini inapoongezewa mwendo. Anayetofautisha midundo hii anajua pa kuanzia kabla hajashika spana.

Kisha huangaliwa raba za kushikilia injini, jambo linalorukwa mno. Dizeli na oili huzilainisha, umri huzipasua, na chuma hugusana na chuma: kabini inatetemeka ilhali injini yenyewe inawaka sawasawa. Sailensi iliyoshushwa kupita kiasi hutoa dalili ileile, na dawa yake ni skrubu ya kurekebishia mwendo.

Injini ikiwa kweli inamisi, hufanywa jaribio la kulegeza paipu. Nati ya paipu ya shinikizo hulegezwa kidogo kwenye nozeli moja, injini ikiwa inanguruma, kisha hukazwa na kuhamia inayofuata. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio hubadilika na mtetemo huongezeka. Kwa silinda iliyolala hakuna kinachobadilika. Nozeli ya silinda hiyo hubadilishwa nafasi na ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, hutazamwa nafasi za valvu, mgandamizo, na sehemu ya pampu inayolisha silinda hiyo.

Jaribio hili lina hatari. Dizeli yenye shinikizo hutoboa ngozi na kuacha kitundu kidogo kisichotisha, ilhali ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama hasikii maumivu. Miwani huvaliwa, na kidole hakitumiki kamwe kutafutia uvujaji.

Mtetemo unaokuja na kuondoka, hasa asubuhi, mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mafuta. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga kikiunganishwa kabla ya pampu huonyesha mapovu, na chanzo huwa bomba lililochakaa au washa ya filta iliyokazwa vibaya.

Pampu ndiyo inayoshutumiwa mapema kuliko vyote, na hilo ni kosa la gharama. Tangu Bosch ilipoanza kuiunda kwa wingi mwaka 1927, pampu ya mstari imejulikana kwa kudumu. Ikifunguliwa bila benchi la kupimia, hugawa mafuta kwa viwango tofauti na kuzaa mtetemo ambao haukuwepo. Moshi husaidia kuamua: mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi huashiria mafuta yasiyoungua, wa buluu oili, mweusi mafuta yaliyozidi hewa.

Malori mapya ya komoni reli hayapimwi kwa kulegeza paipu. Shinikizo lake hupita baa 1,000, na mchango wa kila silinda husomwa kwa kompyuta ya uchunguzi.